Harufu ya Jiko Ndani ya Gari

Mjimwema, Njombe
12 Mei 2024

Mjomba Danford,

Shikamoo. Kamwene. Naomba barua hii ikukute umekaa juani mbele ya nyumba yako hapo Mahongole, maana huku Njombe jua limekuwa la kuazima. Sisi ni wazima. Stella ameng'oka meno mawili ya mbele na anamwonyesha kila mgeni. Baba yake, Ebeneza, anahangaika na viazi kama ulivyomzoea. Akipanda lori kwenda mashambani tunamwona baada ya siku kadhaa. Mama mdogo Oliva hachoki kupiga simu kutoka Ipelele. Anasema nguo za marehemu mama bado zimo sandukuni na panya wameanza kuzizoea, niende tukazigawe. Namwambia nitakuja.

Najua masikio yako hayaruhusu nikupigie, na simu yangu huchezewa na Stella na kusomwa na Ebeneza, ndiyo maana nimetumia karatasi. Nimempa Idda anayeleta parachichi Makambako.

Ni kuhusu gari. Ulipotusaidia kulichagua ulisema injini yake haina makuu: petroli, lita moja na nusu, silinda nne, inaendeshwa na mnyororo na siyo mkanda, na kwamba nikiibadilishia oili kwa wakati itanizika. Baada ya Pasaka iliishiwa nguvu kwenye miinuko na taa ya injini ikawaka. Ebeneza alilipeleka kwa fundi mmoja wa huku. Limerudi jepesi, linavuta, ila mngurumo umekuwa mzito kidogo. Taa nayo fundi aliizima. Je, niendelee na oili ile ile? Na plagi zibadilishwe lini?

Lipo na jingine, nitaliandika nikipata nafasi.

Mwanao,
Eveline

*

Mahongole, Makambako
21 Mei 2024

Mwanangu Eveline,

Marahaba. Barua imefika pamoja na parachichi tatu, moja imepondeka. Mimi ni mzima isipokuwa mguu wa kulia, umevimba na hauingii kwenye kiatu. Mwambie Stella meno ya mbele yasitupwe ovyo, yatupwe juu ya paa kama tulivyofanya sisi.

Oili ni ile ile nyepesi niliyokuandikia mwanzo. Usikubali nzito kwa sababu fundi anayo dukani. Chomoa kijiti cha oili asubuhi kabla ya kuwasha, ufute, urudishe, uchomoe tena, ndipo usome. Kwenye rejeta usiweke maji ya bomba, weka maji yake ya rangi. Chujio la hewa lipigwe upepo, maana vumbi la viazi ni baya kuliko la barabara. Plagi za injini hiyo hudumu sana, zisiguswe bila sababu. Asubuhi ya baridi liwashie nje, si ndani ya banda.

Sasa niambie fundi alifanya nini. Gari haliwi jepesi kwa kuoshwa. Na taa ya injini haizimwi, inajibiwa.

Halafu, mwanangu, habari ya oili haihitaji kufichwa mume. Andika hilo jingine.

Mjomba wako,
Danford

*

Mjimwema, Njombe
9 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Pole na mguu. Huku asubuhi majani ni meupe kwa baridi, kabichi za jirani zimeungua zote. Meno ya Stella yako juu ya paa.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikachana. Naomba usinielekeze kwa mchungaji kabla hujaimaliza.

Mama anapanda gari letu.

Mara ya kwanza nilikuwa nampeleka Stella shule. Vioo vilikuwa juu na hita imewashwa. Nikasikia harufu ya jiko la mama, ule moshi uliokuwa ukikaa kwenye vitenge vyake hata vikifuliwa. Nikadhani ni nguo zangu. Stella, ambaye alikuwa amekaa nyuma, akasema, "Mama, bibi amenisogelea." Alisema kama mtu anayesema mvua inanyesha. Kisha nikamsikia mama nyuma yangu akiimba kwa kufunga mdomo, kama alipokuwa akimenya viazi. Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka ataondoka.

Tangu hapo huja karibu kila asubuhi ya baridi. Nimeanza kuzunguka njia ndefu. Nikishamshusha Stella, huwa nabaki ndani ya gari nje ya geti la shule, injini ikiunguruma, nasikiliza. Nikishuka kichwa huniuma na miguu huwa si yangu, lakini naona ni bei ndogo. Ebeneza hajui lolote, yeye siku hizi husafiri na lori.

Mjomba, wewe unamkumbuka? Tangu tumzike mwaka jana hujamtaja hata mara moja.

Eveline

*

Mahongole, Makambako
17 Juni 2024

Mwanangu Eveline,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mezani, kisha nikatoka nayo nje nikaisoma tena. Sikuelekezi kwa mtu. Nataka unijibu haya, bila kuona haya.

Je, huja gari likiwa limezimwa? Je, huja vioo vikiwa wazi? Siku ya jua, ukienda sokoni, umewahi kumsikia? Kichwa huuma kabla ya kupanda gari au baadaye? Stella hulala njiani, hata kama alilala vizuri usiku? Na Ebeneza amesema fundi alitoa nini chini ya gari?

Mpaka nipate majibu yako, endesha vioo vikiwa wazi, vyote, hata kama ni baridi. Mvishe mtoto sweta mbili. Hita usiiguse. Usikae ndani ya gari lililosimama huku injini inafanya kazi. Hili silisemi kama mjomba anayeshauri. Ningekuwa na mguu ningekuja kukunyang'anya ufunguo.

Hayo mengine uliyouliza nitayajibu.

Danford

*

Mjimwema, Njombe
23 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Tunaendelea.

Nilikuuliza habari ya dada yako, ukanijibu kwa vioo na hita. Sawa, najibu.

Nilifungua vioo siku moja, isipokuwa cha upande wa Stella, kile kisichoshuka. Hakuja. Stella alilia kwa baridi mpaka shuleni, nami nilirudi nyumbani nikiwa nimemkasirikia mtoto, nikamkasirikia na Mungu. Kesho yake nikavifunga, naye akaja. Gari likizimwa hukaa kidogo, kisha sauti hufifia. Siku ya jua sijawahi kumsikia. Kichwa huuma baadaye. Stella hulala, ndiyo, lakini ni mtoto.

Kuhusu fundi, Ebeneza amesema walitoa masega kwenye bomba la moshi, kile kidude chenye vitundu, kwamba kilikuwa kimeziba na kinaibana injini. Wakakata, wakachomelea bomba tupu. Ameniomba nisikwambie kwa sababu anajua utamfokea.

Sasa mama anaongea. Jumatano aliniambia, "Funga kioo vizuri, mtoto atapata baridi." Kioo changu kilikuwa wazi upana wa kidole, nikafunga. Ijumaa akasema ni wakati wa kwenda nyumbani. Nilijua maana yake. Jumamosi hii tunakwenda Ipelele, mimi na Stella. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi siogopi ile njia, kwa sababu tutakwenda naye.

Usinikasirikie.

Eveline

*

Mahongole
28 Juni 2024

Eveline,

Barua yako Idda amenifikishia leo, alikuwa anauguza. Sina salamu.

Usilipande hilo gari. Usimpandishe mtoto.

Moshi wa injini ya petroli una sumu isiyoonekana na isiyonuka. Hiyo harufu unayoisikia ni ya moshi unaoandamana nayo. Masega ndiyo yaliyokuwa yakiipunguza sumu. Yametolewa, na pale walipochomelea pamepasuka, nina hakika kama ninavyoiona kalamu hii. Moshi unapanda kupitia sakafu, na wewe umefunga vioo. Sumu hiyo huuma kichwa, hulegeza miguu, humfanya mtu asikie na aone visivyokuwepo. Kisha hulaza. Mtoto hutangulia.

Nimemwomba jirani yangu Shedrack akupigie. Simu yako haipatikani, ya Ebeneza inaita tu. Ataendelea kupiga. Barua hii inakwenda na kondakta wa basi la kwanza nitakalolisimamisha.

Danford

*

Mjimwema, Njombe
14 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Tu hai sote wawili. Naanza na hilo ingawa Ebeneza amekwisha kukwambia kwa maandishi alipokuletea gari. Amesema mlikaa kibarazani mkipokezana karatasi, na kwamba hukumfokea. Anasema ingekuwa afadhali ungemfokea.

Barua yako niliikuta imesukumwa chini ya mlango tuliporudi kutoka hospitali. Simu yangu niliizima siku moja kabla ya safari. Sikutaka mtu anizuie.

Sijamweleza mtu yote yaliyotokea, nakueleza wewe.

Tuliondoka Njombe asubuhi, tukapita Makete vizuri. Mama aliimba njia nzima. Tulipoanza kupanda upande wa Kitulo ukungu ukashuka mpaka nikawa naona boneti tu. Nikaongeza hita. Stella alikuwa amelala zamani. Nikamwita nimpe mkate, hakujibu, na mama akasema, "Mwache, amechoka." Nikamwacha. Mikono yangu ilikuwa mizito kama imelowa. Kisha barabara ikawa jiko letu la Ipelele, kweli kabisa, niliyaona mafiga matatu kwenye lami. Nikasogea pembeni nikasimama. Nilitaka kuzima injini. Mama akasema, "Usizime, mtoto atapata baridi. Lala kidogo." Nikaegemea usukani. Mjomba, nilikuwa na furaha, hilo ndilo linalonitisha kila nikilala. Sikuwahi kuwa na furaha kama ile tangu afariki.

Ndipo kitu kikapiga nyuma, kishindo kimoja kama kifuniko cha sanduku, na upepo ukanichapa shingoni. Kioo cha upande wa Stella kilikuwa kimezama chote ndani ya mlango. Unakijua kioo kile, tangu tununue gari hakijawahi kushuka, swichi yake ilikuwa imekufa. Upepo wa Kitulo ukaingia na ukungu. Nikatapika. Nilifungua mlango nikaangukia majani, nikatambaa mpaka upande wa pili, nikamvuta Stella kwa sweta. Alikuwa mwekundu shavuni kama aliyetoka kucheza, na hakuamka. Nikapiga kelele. Baba mmoja aitwaye Dionis alikuwa akichimba viazi na wanawe chini ya barabara, ukungu uliwaficha, mimi nilidhani hakuna mtu duniani. Ndio waliotupakia kwenye gari la viazi, juu ya magunia, tukipigwa upepo. Njiani Stella akafungua macho akauliza kama tumefika.

Hospitali walituwekea hewa mpaka kesho yake. Daktari alisema dakika chache zaidi na yeye angekuwa anaongea na ndugu zetu habari za msiba. Ipelele hatukufika.

Nimeelewa habari ya sumu. Nimeielewa kichwani. Lakini ile ilikuwa sauti ya mama, Mjomba, hata kile kikohozi chake kidogo kabla ya kuanza sentensi kilikuwepo. Aliniambia nifunge vioo. Aliniambia nisizime injini. Siwezi kumuuliza mtu mwingine swali hili: kwa nini mama alitaka kutuua?

Eveline

*

Mahongole, Makambako
4 Agosti 2024

Mwanangu Eveline,

Marahaba, na asante kwa kuwa hai. Mguu umepungua, sasa unaingia kwenye ndala. Mwambie Ebeneza sikumfokea kwa sababu alikuwa anajifokea mwenyewe, na kazi hiyo moja haifanywi na watu wawili.

Gari nimelimaliza. Niliingia uvunguni mwenyewe, nikashikwa mikono kutoka. Bomba lilikuwa limepasuka pale pa kuchomelea, ufa wa kuingia kucha. Juu yake, kwenye sakafu chini ya kiti cha nyuma, kizibo cha mpira kimeanguka na tundu limebaki wazi. Njia ilikuwa imenyooka kabisa, kutoka kwenye injini mpaka puani kwa mtoto. Nimeweka bomba jipya, masega mapya, gasketi mpya, na kizibo. Injini yenyewe haina kosa. Ni nzima kuliko mimi. Imefanya kazi yake siku zote, watu ndio walioigeuzia moshi ndani. Nimeiwasha nikaziba ekzosi kwa kitambaa kilicholowa, nikapitisha kiganja kila kiungo. Sisikii, lakini kiganja changu husikia pumzi. Hakuna panapovuja.

Kioo pia nimekifungua. Kamba inayokishika imeliwa na kutu, ikakatika, kioo kikashuka kwa uzito wake. Hutokea, hasa gari likipigwa na makorongo. Ila wewe umesema ulikuwa umesimama. Nimeitazama ile kamba mpaka jirani akaja kuniuliza kama ninaumwa. Kilichoikata ni kutu. Kwa nini ilisubiri pale, hilo fundi hana jibu lake.

Sasa swali lako.

Aliyekwambia ufunge vioo hakuwa dada yangu. Ilikuwa sumu, na haina sauti yake yenyewe, basi ilisema kwa sauti uliyokuwa nayo kichwani, ile unayoitamani kuliko zote. Na mtu aliyelegea husikia anachotaka kuambiwa. Ulitaka kulala karibu na mama yako. Sikulaumu.

Lakini Elina, mama yako, mimi nilimjua kabla yako. Tulipokuwa wadogo kulikuwa na mama na mtoto wake pale Ipelele walioingiza jiko la mkaa ndani, wakafunga mlango kwa sababu ya baridi. Elina ndiye aliyetumwa asubuhi kuazima ungo kwao, akawakuta wamekufa. Tangu siku hiyo hakulala tena kwenye chumba kilichofungwa. Hata mwezi wa sita aliacha dirisha wazi, nami nikilala miguuni pake nikitetemeka na kumnung'unikia. Aliniambia, "Baridi utaamka nayo." Mpaka anaolewa alikuwa hivyo. Wewe ulizaliwa mjini kwa baba yako, nyumba ya madirisha makubwa, hukuwa na sababu ya kuliona.

Kwa hiyo ukiniuliza kama dada yangu alikuwamo ndani ya gari lile, nitakwambia sijui, mimi si mtu wa mambo hayo. Lakini kama alikuwamo, hakuwa yule wa hita. Alikuwa upande wa kile kioo.

Uliniuliza kama namkumbuka, nikakujibu kwa hita. Ndiyo, Eveline. Kila siku. Sina mtu mwingine aliyejua sauti yangu ilivyokuwa nilipokuwa mtoto.

Nenda Ipelele. Mwende wote watatu.

Danford

*

Mjimwema, Njombe
1 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Huku baridi imelegea na miti ya matunda imeanza kuchanua. Stella anasoma vizuri, daktari amempima na kusema hana shida. Ebeneza amejifunza kusoma kijiti cha oili na sasa hatuna amani, kila asubuhi anatusomea hali ya injini kama mtangazaji.

Barua yako nimeiweka mahali ninapopajua mimi peke yangu. Sikuijibu mapema kwa sababu nilitaka niijibu nikiwa nimetoka huko ulikonituma.

Tumekwenda. Ebeneza aliendesha. Injini ilikuwa tulivu mpaka nikawa nasikia matairi. Nilikaa mbele nikivuta pumzi kama mbwa, nikitafuta ile harufu. Hapakuwa na kitu, harufu ya viti tu, na maganda ya chungwa. Tulipopita pale nilipokuwa nimesimama, Ebeneza alipunguza mwendo bila kuambiwa. Hapakuwa na ukungu. Ni kona tu, ina majani, na chini yake shamba la viazi ambalo siku ile sikuliona.

Ipelele Mama mdogo Oliva hakunilaumu. Alinipa chai, kisha akafungua sanduku, tukagawana. Kaburini tulikwenda jioni. Majani yameshaota, nikayang'oa kwa mkono. Sikulia. Nilikuwa kama mtu anayefanya kazi ya mwingine. Nikasikiliza sana, Mjomba. Palikuwa na upepo tu na ng'ombe wa mtu.

Kesho yake tukaanza kurudi. Tulikuwa tumekwisha kupita Makete, Stella kimya huko nyuma, nikadhani amelala, nikageuka haraka. Alikuwa macho, anatazama nafasi iliyo wazi kando yake.

"Mama," akasema, "bibi alishukia wapi?"

Ebeneza akanitazama. Nikamwambia Stella, "Ipelele. Nyumbani kwake."

Akafikiri. "Hakuniaga."

"Hakutuaga hata sisi," nikasema.

Hapo ndipo nilipolia, Mjomba, kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Nililia mpaka Ebeneza akatoa gari barabarani, akazima injini, akafungua milango yote minne. Stella akashuka akaja mbele akanikalia mapajani, ingawa amekuwa mzito. Tulikaa hivyo pembeni ya barabara, baridi ikiingia huku na kutokea kule, mpaka Stella mwenyewe akasema twende, ana njaa.

Mwanao,
Eveline